Naomba ushauri: kuunganisha vikundi vya bustani za magunia Kampala

Habari zenu ndugu. Niko Kawempe, tuko akina mama 12 tunaolima sukuma, dodo (mchicha) na nakati (mboga ya majani ya jamii ya nyanya chungu) kwenye magunia na matairi uani. Kuna kikundi kingine Makindye na kingine Nakawa, ila kila kimoja kinahangaika kivyake. Juzi dodo yetu ilizidi mpaka tukawapa kuku, huku wenzetu wa Makindye wananunua sokoni!

Tunawaza kuungana: tubadilishane mbegu na miche, tupange nani apande nini na lini. Mafunzo tunaweza kuomba kituo cha kilimo cha KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) kule Kyanja. Kinachonitisha ni pesa, nani azishike? Tena boda ya kubeba mafungu machache inakula faida yote.

Mliowahi kuunganisha vikundi, mlianzia wapi?