Homa na kutetemeka kwa baridi: niandike msimbo gani ikiwa kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu?

Karani wa Kondele

Hamjambo wenzangu. Mimi ni karani wa rekodi katika zahanati moja hapa Kisumu, na wiki hii fomu sita za madai zimerudishwa na kampuni moja ya bima kwa kosa lile lile. Mbele yangu ninayo kadi ya mama mmoja ambayo tabibu ameandika: "Homa siku 3, baridi, kutetemeka, ?malaria," na karatasi ya maabara iliyobanwa nyuma yake inasema kuwa slaidi haikuonyesha vimelea. Niliandika B54, msimbo wa malaria, kama nilivyomkuta aliyenitangulia akifanya kwa kila mwenye homa, kisha nikaongeza R68.83 kwa ajili ya ile baridi, kwa kuwa ndio msimbo ulionijia katika programu yetu nilipotafuta. Je, nimekosea wapi?

Mwalimu wa Rekodi, Nakuru

Umekosea mara mbili, ingawa kosa la pili si lako peke yako.

B54 ni malaria isiyofafanuliwa, yaani ile ambayo tabibu ameitambua kwa dalili bila maabara kuthibitisha vimelea. Si pahali pa kuwekea kila homa ya kanda ya ziwa, hata kama mazoea yanatusukuma huko. Maadamu maabara haikuona vimelea na tabibu hakushikilia kuwa ni malaria, kilichobaki mkononi mwako ni dalili, na dalili hiyo iko katika kundi la R50, yaani la homa.

Sasa ile baridi. Katika ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, homa inayoambatana na baridi au kutetemeka imo ndani ya R50.8, ilhali R50.9 ni homa isiyofafanuliwa. Wamarekani wana toleo lao, ICD-10-CM, ambalo limeiweka homa yenye baridi chini ya R50.9, na R68.83 uliyoitumia ni ya toleo hilo, tena ni ya mtu anayehisi baridi bila homa. Kwa hiyo hata kwa kanuni za Kimarekani usingeiandika pamoja na R50. Yaelekea programu yenu ilipakiwa orodha ya Marekani bila mtu kuulizwa. Iulize kampuni ya bima inatumia toleo gani kabla ya kuzituma fomu tena.

Tabibu wa Nyando

Naomba niongeze neno kuhusu ile alama ya kuuliza, kwa kuwa sisi matabibu ndio tunaoiandika. Hayo ni mawazo ya kabla ya kipimo, na majibu yakirudi tunapaswa kuandika uamuzi wa mwisho, jambo ambalo kwenye foleni ya watu themanini husahaulika. Usahaulifu huo una gharama: kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, ugonjwa ulioshukiwa hadi mwisho wa matibabu bila maelezo zaidi huandikiwa msimbo kana kwamba umethibitishwa, na kwa mgonjwa asiyelazwa Wamarekani hawakubali hivyo. Usimwamulie tabibu. Mrudishie kadi.

Vilevile, slaidi ikionyesha falciparum, mojawapo ya vimelea vya malaria, bila matatizo mengine, andika B50.9 na uiache homa, kwa sababu ugonjwa umekwisha kuieleza. Wala usikimbilie A01.0 ya homa ya matumbo kwa sababu tu ya kipimo cha damu cha Widal, ambacho huku kwetu kimewapa watu wengi taifodi wasiyokuwa nayo.

Karani wa Kondele

Ahsanteni sana. Nimezirudisha kadi zote sita. Kumbe yule mama alipimwa mkojo baadaye, akakutwa na maambukizi, na tabibu ameyaandika kuwa ndiyo chanzo cha homa, kwa hiyo amepata N39.0 na R50 haihitajiki tena. Wengine watano ni R50.8, kwani kampuni imejibu kuwa inatumia orodha ya Shirika la Afya Duniani. Swali la mwisho: hawa sita nilikuwa nimewahesabu kama malaria katika fomu ya 705B, ile ya muhtasari wa mwezi wa magonjwa ya wagonjwa wa nje. Nako nirekebishe?

Mwalimu wa Rekodi, Nakuru

Rekebisha leo, kabla muhtasari wa mwezi haujaingizwa kwenye mfumo. Safu ya malaria iliyothibitishwa ni ya waliopatikana na vimelea peke yao, na takwimu hizo hutazamwa dawa na vipimo vinapogawiwa. Anza na rejista, kisha ndiyo ubadilishe fomu, la sivyo mkaguzi atakuta vitabu viwili visivyopatana.