Bastola ipi inamfaa mke wangu ambaye vidole vyake havina nguvu?

Mkazi_wa_Katy

Ndugu zangu, salaam. Mimi na mke wangu tunaishi Katy, pembezoni mwa Houston, Texas, na kwa miaka minne sasa anasumbuliwa na baridi yabisi ya vidole, kiasi kwamba chupa ya asali ikifungwa sana hubaki mezani ikinisubiri nirudi kazini. Ninafanya zamu ya usiku. Nyumba ya jirani ilivunjwa mwezi uliopita, na tangu hapo yeye mwenyewe ndiye anayesema kwamba hataki tena kulala bila silaha ndani.

Ninayo Glock 19 ya milimita 9, lakini slaidi yake, yaani kile kipande cha juu kinachovutwa nyuma ili kuingiza risasi, imemshinda: akiivuta inafika nusu, kisha inamponyoka. Muuzaji wa duka moja alinionyesha rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ndogo, nyepesi sana, akanihakikishia kwamba hiyo ndiyo “ya akina mama”, kwa kuwa haina slaidi ya kuvuta. Nilikaribia kuilipia ili nimpelekee kama zawadi. Je, nitakuwa nimefanya jambo la busara?

Mwalimu_wa_Shabaha

Ndugu, rudisha pochi mfukoni kwanza. Nimewafundisha wanafunzi wengi wenye mikono dhaifu, na ushauri huo wa rivolva ndogo ndio unaoniletea watu waliokata tamaa kuliko ushauri mwingine wowote. Ni kweli kwamba rivolva haina slaidi, lakini ugumu haujaondoka, umehamia tu kwenye kifyatulio. Kifyatulio cha Glock yako huvutwa kwa nguvu ya kilo 2.5 hivi, ilhali cha rivolva ya aina hiyo, isipotangulia kukokiwa nyundo (kuvutwa nyuma kwa kidole gumba), mara nyingi hufikia kilo 4.5 hadi 5.5, na kazi yote hiyo hufanywa na kidole kimoja, tena kidole chenye kiungo kinachouma. Isitoshe, silaha ikiwa nyepesi, teke la risasi lote huishia kiganjani na kwenye kifundo cha mkono.

Vilevile usidhani kwamba risasi ndogo lazima ije na slaidi laini. Katika bastola nyingi za zamani za .380, risasi iliyo fupi kuliko ile ya Glock yako, kwa mfano Walther PPK, mtutu umekazwa kwenye fremu, na kinachozuia slaidi kufunguka mapema ni uzito wake pamoja na ugumu wa springi. Kwa hiyo bastola inayoonekana ya kike kwa umbo inaweza kumshinda hata fundi wa gereji. Unachotafuta ni ile ambayo mtutu na slaidi hufungana kwa kitambo kifupi risasi inapotoka, kwa sababu hapo mtengenezaji anaweza kuilegeza springi. Smith & Wesson M&P 380 Shield EZ, iliyotoka mwaka 2018, ilibuniwa kwa watu wa namna hii: ina uzito wa nusu kilo na kidogo, magazini yake (kibebeo cha risasi) ya risasi 8 ina vitufe vya kushushia springi wakati wa kujaza, na slaidi yake ni laini ajabu. Ruger Security-380 ya mwaka 2023 inafuata wazo hilohilo, nayo hubeba risasi nyingi zaidi.

Hata hivyo, kabla ya kununua chochote, mjaribishe tena Glock kwa mtindo mwingine. Hakikisheni kwanza kwamba magazini imetolewa na chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ni tupu, ninyi wawili mkiwa mmetazama kwa macho. Aisogeze bastola karibu na kifua, mdomo wa mtutu ukielekea upande salama na kidole kikiwa nje ya kifyatulio, aikumbatie slaidi kutoka juu kwa kiganja kizima badala ya kuibana kwa vidole viwili, halafu mkono ulioshika mpini ndio usukume mbele kwa nguvu ya bega. Wengi wanaodhani wameshindwa na springi huwa wameshindwa na mtindo.

Mama_wa_Columbus

Shemeji wa Katy, mimi ni mgonjwa wa maradhi hayohayo, na jambo moja limenikera katika maelezo yako: mkono ni wa mkeo, lakini dukani ulikwenda wewe. Mpeleke mahali panapokodisha bastola na uwanja wa shabaha upo hapohapo, na aende asubuhi. Saa nane mchana vidole vyangu vinaweza kufungua kila kitu. Saa kumi na mbili asubuhi haviwezi hata kufunga kifungo cha gauni, na mwizi hasubiri dawa ishike.

Nimeijaribu EZ. Slaidi ni laini kama alivyosema Mwalimu, lakini nyuma ya mpini kuna bati la usalama ambalo lazima kiganja kilibane ndipo ifyatuke, na siku ambazo mkono wangu umevimba huwa ninalikosa. Mwenzangu mwenye ugonjwa kama wangu halimsumbui hata kidogo. Mkumbuke pia sefu: ya ufunguo wa kuzungusha hainifai, natumia ya vitufe vinne. Na kama mna watoto, sefu hiyo inunuliwe kabla ya bastola.

Karani_Mstaafu

Naongezea la sheria. Sheria ya shirikisho inamruhusu mume kumnunulia mkewe bastola iwe zawadi ya kweli, mradi mkewe si mtu aliyekatazwa kumiliki silaha. Mwenye kadi ya kijani (ukaazi wa kudumu) anaweza kununua, lakini aliyeingia kwa viza ya muda, kwa kawaida, hawezi, isipokuwa awe na ruhusa maalumu, kwa mfano leseni halali ya uwindaji. Fomu 4473 inayojazwa dukani inauliza pia kuhusu bangi, na wagonjwa wa viungo wanaoitumia kupunguza maumivu wasijibu uongo hapo, kwa kuwa uongo huo ni kosa la jinai.

Mpenda_Beretta

Mbona hamjataja zile ambazo mtutu wake huinuka kwa nyuma? Beretta Tomcat ya .32 unaweka risasi moja kwa moja kwenye chemba bila kugusa slaidi.

Mwalimu_wa_Shabaha

Ni wazo zuri kwa kujaza, lakini Tomcat haina ndoano ya kung'oa ganda, hivyo risasi ikigoma ni lazima uinue mtutu na kuitoa kwa mkono. Mimi ningeiweka ya tatu.

Mkazi_wa_Katy

Nimerudi kutoa taarifa, na dada wa Columbus ninamwomba radhi. Tulikwenda Jumamosi saa tatu asubuhi. Rivolva aliifyatua mara mbili, akaiweka mezani akipuliza vidole. Glock, kwa mtindo wa kusukuma, aliikoki mara tatu kati ya tano. EZ aliikoki mara zote, bati la nyuma halikumkwamisha, na alifyatua risasi 40 kabla ya kuomba kupumzika. Ruger ilimfaa pia, ila anasema kifyatulio chake kiko mbali na kidole chake. Hajaamua, anataka airudie EZ wiki ijayo, siku ambayo mikono imeamka vibaya, na amenikataza kusogelea kaunta ya malipo. Mimi nimepewa kazi ya kutafuta sefu ya vitufe.