Msaada: nafundishaje sayansi darasa la nne bila maabara, watoto wasikariri tu?

MwlMwandiga
Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa Sayansi darasa la nne, shule ya serikali huku Kigoma, nina watoto 97 kwenye mkondo mmoja. Maabara hatuna, vitabu wanashea watoto watano watano, kipindi dakika 40.

Wiki iliyopita nilifundisha mvukizo. Nimeandika ubaoni, wamesoma kwa sauti, wakaimba kabisa "mvukizo ni kitendo cha kimiminika kubadilika kuwa gesi", nikafurahi. Af nikawauliza, jana mama kafua kanga kaanika asubuhi, saa nane imekauka, yale maji yameenda wapi? Darasa zima kimya. Kabinti kamoja ka dawati la mbele kakanyoosha mkono kakasema yamenywewa na kanga. Mwingine akasema yamechuruzika yote chini. Hakuna hata mmoja aliyesema yameenda hewani, na dakika tano nyuma walikuwa wanaimba maana ya neno lenyewe! Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea sana.

Wengi wao nyumbani wanaongea Kiha kwahiyo na hayo maneno ya kitabu kwao ni mageni pia. Naomba mnisaidie, hasa mliofundisha madarasa makubwa, nifanye nini na vitu vya hapahapa maana hela ya vifaa natoa mfukoni mwangu.

BibiMwalimu_Ujiji
Pole na kazi mwanangu. Nimefundisha msingi mpaka nastaafu na nakwambia huyo binti aliyesema maji yamenywewa na kanga amekupa somo zima mkononi, wewe ukalipita. Ana wazo lake, tena wazo linalopimika. Rudi nalo darasani.

Chukua kitambaa cha kanga kuukuu kata vipande viwili sawasawa. Kila kimoja kiloweshe kwa kijiko kimoja cha maji, usizidishe. Kimoja kianike dirishani, cha pili weka ndani ya kopo la plastiki linaloonyesha ndani, funga mfuniko vizuri, weka palepale dirishani. Sasa KABLA hujasubiri, waulize kipi kitakauka, wanyooshe mikono, hesabu, andika idadi ubaoni. Hapa usiharakishe, mtoto akishatabiri lazima atataka kujua kama kapatia.

Kama kanga ndiyo inakunywa maji basi vyote viwili vitakauka, si ndiyo? Cha kwenye kopo kitabaki kimelowa na chini ya mfuniko wataona matone. Wakiyaona ndo unawauliza yamefikaje juu wakati kitambaa kiko chini. Waache wabishane, hata kwa Kiha. Neno mvukizo lilete mwisho kabisa, wakiwa wameshaona kitu kinachohitaji jina. Sisi tulizoea kuanza na jina, mtoto anabeba gunia tupu.

Mkweli_Kasulu
Bibi shikamoo. Naheshimu unachosema ila tuongee ukweli, mwl ana watoto 97 na mtaala haumsubiri. Kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne mwisho wa mwaka na mzazi anaangalia matokeo, haangalii matone ya kwenye kopo. Mimi nilijaribu hayo makundi, darasa likawa soko, mwalimu mkuu akaja kuuliza kuna nini. Waliokaa mbele wameona, wa nyuma wameona migongo ya wenzao. Kukariri nako ni kazi, angalau wanakuwa na jibu la kuandika.

MwlUvinza
Mkweli nakuelewa hayo yamenikuta na mimi, ila tatizo ni kufanya onyesho moja mbele kwa watu 97, hapo lazima iwe soko. Gawa makundi 12 ya watoto nane nane, mmoja anayebaki ndo mtunza saa. Kila kundi liwe na mshika kifaa, mwandishi na msemaji, wengine waangaliaji, na kila wiki mnabadilishana. Vifaa viwe vya kutoka nyumbani, makopo, vizibo, nyuzi. Ukifanya hivi mara tatu wanazoea na kelele inakuwa ya kazi. Na kuhusu mtihani, mtoto aliyeona matone kwa macho yake swali ukiligeuza anajibu, aliyekariri ukibadilisha neno moja tu amepotea.

Mwl Mwandiga mimi huku Uvinza kunakotengenezwa chumvi huwa natumia yai. Glasi ya maji ya kawaida, weka yai bichi, linazama. Litoe, koroga chumvi vijiko vikubwa viwili au vitatu mpaka iyeyuke, rudisha yai, linaelea. Watoto wangu wanaruka kwa furaha kila mwaka, yaani hiyo sura ya mtoto yai likipanda huwezi kuinunua. Hapo unawaambia kikombe cha maji ya chumvi ni kizito kuliko kikombe kilekile cha maji matupu, ndo maana yanalibeba yai. Halafu mimina mawese ya uvuguvugu juu ya maji wakuambie kwanini yanakaa juu.

Ukifika kwenye umeme tumia betri za tochi tu na balbu ndogo. Waambie kwa ukali kabisa wasichomeke waya kwenye soketi ya ukutani nyumbani kwenda kujaribu.

BabaShukuru_Kibirizi
Shikamoo Bibi Mwalimu, na walimu wote heshima yenu. Mimi sio mwalimu ni mvuvi wa dagaa, mwanangu yuko la nne. Mnatafuta vifaa wakati watoto wa mwaloni, pale tunaposhushia samaki, wanaishi ndani ya sayansi. Juzi kijana kaniuliza baba mbona siku za mbalamwezi hamwendi ziwani? Nikamwambia dagaa wanafuata mwanga, usiku wa giza taa yetu ndo mwanga pekee wanaouona wanakusanyika, mwezi ukiwa mpevu mwanga uko kila mahali taa haiwavuti. Akauliza tena, sasa mbona siku chache baadae mnaenda mapema? Nikamweleza mwezi mpevu unatoka jua likizama unawaka usiku kucha, ila kila siku unachelewa kutoka karibu dakika 50, kwahiyo baada ya siku kadhaa tunapata giza la mwanzo wa usiku tunatupa nyavu.

Mwalimu wape kazi wachore mwezi kila usiku kwa mwezi mzima, pembeni waandike kama mitumbwi imetoka au imelala. Haina gharama yoyote. Na hilo la mvukizo walete mwaloni waone dagaa wa kwenye chanja na wa kwenye mchanga, wa chanja upepo unapita juu na chini wanawahi kukauka.

BibiMwalimu_Ujiji
Marahaba wanangu. Baba Shukuru umesema vyema. Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe mwaka 1960 hakuwa na digrii, alikaa porini na daftari akitazama, akamwona sokwe anachomeka jani la nyasi kwenye kichuguu anavuta mchwa anakula. Wataalamu walikuwa wanaamini binadamu peke yake ndo anatengeneza zana. Haya yametokea hapa kwetu, watoto wa Kigoma waambiwe.

MwlMwandiga
Nimerudi na mrejesho. Alhamisi nimefanya ya vitambaa, makundi 12. Watoto 61 walitabiri vyote vitakauka. Tulipofungua saa nane yule binti wa kanga ndo alikuwa mshika kopo, akapitisha kidole chini ya mfuniko, akakiangalia, akasema taratibu "mwalimu, yalitaka kutoka yakakosa njia". Nimeandika sentensi yake ubaoni juu ya neno mvukizo na sijaifuta mpaka leo.

Ijumaa nikafanya yai, likaelea kwenye maji matupu kabla sijaweka chumvi! Nilishtuka. Badala ya kuficha nikawauliza kwanini. Mtoto mmoja akasema bibi yake hupima mayai hivyo, la zamani linaelea. Ndivyo ilivyo, yai likikaa maji yake yanatoka kidogokidogo kwenye vitundu vya ganda na hewa inaingia, linakuwa jepesi. Wenyewe wakamalizia, "ni mvukizo!" Jumatatu wanakuja na mayai ya siku hiyohiyo na ya wiki mbili tulinganishe.

Baba Shukuru kazi ya mwezi tumeanza jana. Mwl Uvinza nimepungukiwa makopo manne ya kuonyesha ndani, yeyote wa karibu na Mwandiga mwenye nayo aniandikie inbox nije kuchukua.