Baba ana kipaimara na ni mzee wa kanisa, dada anasema hajaokoka. Mtu anaokolewa na nini hasa?

Kijana_wa_Machame:
Wakuu habari za wakati huu. Naomba tusaidiane kwa hekima maana hili jambo limeanza kuleta mpasuko nyumbani. Baba ni Mlutheri toka utoto, kabatizwa mdogo, kapata kipaimara (ile ibada ya kuthibitisha imani baada ya mafundisho), kawa mzee wa kanisa miaka mingi na jumapili hakosi labda aumwe. Dada yangu yuko Arusha, kaokoka na anasali makanisa ya kiroho. Pasaka kaja nyumbani, chakula kipo mezani, akamwambia mzee mbele ya wajukuu "baba usipookoka utaenda motoni na huo uzee wako wa kanisa". Mzee hakujibu kitu, akasukuma sahani, akachukua panga akaenda kukatia ng'ombe majani. Toka siku hiyo hawaongei vizuri.

Dada anasimamia Warumi 10:9, kwamba ukimkiri Yesu kwa kinywa na kuamini moyoni utaokoka, mama anamjibu na Yakobo kwamba imani bila matendo imekufa, na wote wanasoma biblia hiyo hiyo. Sasa ni imani au ni matendo? Na je ni lazima mtu awe na siku aliyoenda mbele akaongozwa sala ya toba ndo ahesabike kaokoka? Matusi hapana jamani.

Binti_Sayuni_Ngaramtoni:
Bwana asifiwe. Kaka, dada yako kakosea namna ya kusema, mzazi haambiwi hivyo na mbele ya wajukuu ndo kabisaa. Lakini hoja yenyewe usiitupe. Nikodemo alikuwa Farisayo, mkubwa wa Wayahudi, Yesu mwenyewe anamwita mwalimu wa Israeli, na bado akaambiwa asipozaliwa mara ya pili hawezi kuuona ufalme wa Mungu. Cheo cha kanisani hakiokoi, cheti cha kipaimara hakiokoi. Wapo watu huku kwetu wanatoa ahadi, wanaimba kwaya, na Yesu hawamjui, nasema kwa uchungu maana wengine ni ndugu zangu wa damu.

Mwl_Old_Moshi:
Nakubaliana na dada hapo juu kwamba cheo hakiokoi, na hilo ndo fundisho la Kilutheri lenyewe, tena ndo sababu ya Matengenezo ya Kanisa kuanza 1517. Martin Luther, aliyeyaanzisha, alikuwa mtawa anafunga, anakesha, anaungama mpaka anachoka na amani hana, mpaka alipoelewa Warumi 1:17, mwenye haki ataishi kwa imani. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Machame 1893 ndo injili waliyokuja nayo, kwa hiyo babu zetu hawakuhubiriwa wokovu wa kipaimara.

Sasa Paulo, aliyeandika Warumi, na Yakobo. Wote wawili wanamtumia Abrahamu, na ukifuata mpangilio wa kitabu cha Mwanzo ugomvi unaisha. Paulo kwenye Warumi 4 anashika Mwanzo 15, Abrahamu anaonyeshwa nyota, hana mtoto, hajatahiriwa, hajafanya lolote la kumdai Mungu, anaamini tu na anahesabiwa haki, yaani Mungu anamkubali kama mwenye haki. Kutahiriwa kunakuja sura ya 17 akiwa na miaka 99. Yakobo yeye anaenda Mwanzo 22, Isaka yuko madhabahuni, anasema hapo lile andiko la sura ya 15 likatimizwa. Yaani Paulo anaongea na mtu anayetaka kumlipa Mungu ili akubalike, Yakobo anaongea na mtu anayesema naamini huku ndugu yake yuko uchi na njaa mlangoni na yeye anamwambia enenda kwa amani ukaote moto. Imani ya namna hiyo hata mashetani wanayo na wanatetemeka (Yak 2:19). Na watu wakisoma Waefeso 2:8-9, kwamba tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani wala si kwa matendo, wanaishia hapo, wasogee mstari wa 10 tu: tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Ni mgomba na mkungu wake, mkungu hauupi mgomba uhai ila mgomba ulio hai utazaa.

Mkatoliki_wa_Kilema:
Niongezee kidogo maana sisi Wakatoliki tunasingiziwa sana kwamba tunanunua mbingu kwa matendo. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wetu, mwaka 1547 ulitamka kwamba hakuna kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani iwe matendo, kinachostahilisha neema hiyo. Na tarehe 31 Oktoba 1999 kule Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu. Tofauti zimebaki ndio, ila kwenye mzizi huo hatugombani tena.

Kijana_wa_Machame:
Nashukuru sana wakuu, la Abrahamu limenifungua. Bado lile la siku. Dada anasema kama hukumbuki siku uliyookoka basi hujaokoka.

Mwl_Old_Moshi:
Mwambie asome Matendo 16 yote kwa mara moja. Mlinzi wa gereza Filipi anaokoka usiku wa manane, tetemeko, milango imefunguka, upanga mkononi anataka kujiua, huyo hatasahau saa yake maisha yote. Lakini mji huohuo, sura hiyohiyo, Lidia muuza rangi ya zambarau amekaa kando ya mto anasikiliza, Bwana akaufungua moyo wake, basi, hakuna tetemeko. Na mwanzo wa sura yupo Timotheo, ambaye Paulo anasema imani yake ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na maandiko kayajua toka utoto. Timotheo siku yake hatujaandikiwa na hakuna aliyemtilia shaka.

Binti_Sayuni_Ngaramtoni:
Amina, hapo kwa Lidia nimekuelewa mwalimu. Mimi siku yangu naikumbuka na namshukuru Mungu, ila siwezi kuifanya sheria kwa mzee wa watu. Kaka, mshauri dada aje aombe radhi kwanza, halafu wakiwa wawili amuulize baba taratibu, tumaini lako mbele za Mungu ni nini? Akisema ni uzee wa kanisa, amwelekeze kwa Yesu kwa upole. Akisema ni Yesu aliyemfia akafufuka, basi huyo ni ndugu yake katika Bwana, waombe pamoja. Ila swali la kubatizwa mtoto mchanga bado ninalo, mwalimu.

Mwl_Old_Moshi:
Hilo dada tulifungulie uzi wake, nitakuja na Wakolosai 2:11-12 tuanzie hapo.