"SENSA HAIDANGANYI" – jamani huyu mtu atatuua wote

Mtu_wa_Mita:
Wadau nimetoka kikaoni sasa hivi mikono bado inatetemeka. Jina sitaji, mnamjua, yule yule wa "faiwoli si tumeshaweka". Wiki tatu silali naandaa pendekezo la kulinda sensa za presha na ujazo wa matangi, sijamaliza hata ukurasa wa pili kanikata mbele ya watu wote, hadi wanafunzi wa fildi wapo: "Kijana, sensa haidanganyi." Halafu AKACHEKA. Na chumba kizima kikacheka naye.

Sensa haidanganyi!! Sasa Stuxnet, kile kirusi cha kompyuta, ilienda Natanz kwenye mitambo ya nyuklia ya Iran kufanya nini, kutalii? Ile kitu ilirekodi namba za sensa mambo yakiwa shwari, sekunde 21, ikawa inazirudia rudia huku mashine zinaharibiwa, aliyekaa kwenye skrini haoni kitu. Imegundulika 2010, waliozaliwa mwaka ule saa hizi wana ndevu, yeye bado anacheka.

Na Modbus yetu, ile lugha mitambo inayoongelea kwenye netiweki, ni ya 1979, haiulizi wewe nani, mdukuzi akishaingia kwenye netiweki anakaa katikati anaiambia PLC (kile kikompyuta kinachoendesha pampu na vali) tangi liko nusu wakati watu wanaogelea kwenye korido. Mimi nilichoomba ni kidogo sana, namba zipimwe na fizikia: pampu inaingiza, vali ya kutoka imefungwa, basi tangi lazima lipande, lisipopanda kengele ilie. Na vali tuitikise kidogo kidogo bila mpangilio, sensa ya kweli itaonyesha ule mtikisiko, rekodi ya jana haitaonyesha. Hapo kwenye kutikisa ndo akasema. Kijana. Sensa. Haidanganyi.

VoltiMbili:
Nilivyosoma kichwa cha uzi nikajua unaongelea kuhesabu watu 😂😂

Baba_Rilei:
Mleta uzi acha kulialia, yaani umechekwa mara moja ndo utujazie seva?

Mtu_wa_Mita:
Mkuu kacheka mpaka kashika meza.

FundiTatu:
Sisi kila tangi lina sensa tatu, mbili zikikubaliana tunaziamini hizo. Kazi imeisha, sijui mnagombana nini.

Mtu_wa_Mita:
Zote tatu zinapita swichi moja ya netiweki?

FundiTatu:
Ndio

Mtu_wa_Mita:
Basi una sensa moja yenye midomo mitatu. Aliyeshika swichi anazikubalisha zote. Tena ukikuta moja ndo inasema kweli, wewe ndo unaitupa!

Analogia:
Haya yote mmejitakia na netiweki zenu. Mie bado nipo kwenye milliampea 4 hadi 20 za umeme kwenye waya, 4 tangi tupu, 20 limejaa, waya ukikatika inasoma sifuri najua hapohapo.

VoltiMbili:
Ukikatika utajua, je mtu akichomekea kidude kinatoa 12 muda wote? Tangi nusu mpaka mwisho wa dunia.

Analogia:
aje achomekee nikiwepo

Kengele_Usiku:
Nyie mna afadhali. Sisi waliotufungia mitambo wanaingia kwa rimoti saa yoyote wanayotaka, juzi usiku wa manane naona kishale kinatembea chenyewe kwenye skrini, nikakimbia nje nikajua majini. Kumbe wanafanya apdeti bila kutuambia.

Baba_Rilei:
😂😂😂 na paswedi ni ile ile ya siku ya kwanza, bisha

Kengele_Usiku:
Sibishi. Wameiandika kwa maka pen kwenye mlango wa paneli.

FundiTatu:
Yetu imebandikwa nyuma ya kibodi, angalau imefichwa

Mtu_wa_Mita:
Jamani turudi kwenye mada, mtu mzima anasema sensa haidanganyi na anasaini bajeti!!

Kengele_Usiku:
Sawa mkuu tumekusikia. FundiTatu hiyo yenu ina herufi ngapi?

FundiTatu:
Nne. Zote ni a