Likelemba yetu ya Lubumbashi inataka kwenda Zanzibar kwa mara ya kwanza: tujipange vipi?

Mama Mwenyekiti, Katuba

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Sisi ni akina mama kumi na wawili wa likelemba moja, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, hapa Lubumbashi. Mwaka huu tumekubaliana kwamba sehemu ya michango yetu iwekwe kando, ili mwezi wa Julai, shule zikiwa zimefungwa, twende pamoja kuiona bahari. Wengi wetu hatujawahi kugusa maji ya chumvi, na wanaojua kuogelea ni wawili tu, waliokulia Moba kandokando ya Ziwa Tanganyika. Pwani yetu ya Muanda tuliifikiria kwanza, lakini kutoka huku kusini ni lazima kupanda ndege hadi Kinshasa na kisha kushika barabara ndefu ya Matadi na Boma, kwa hiyo tumeielekea Zanzibar, ambako angalau lugha haitatusumbua. Naomba mnieleze tupite njia gani, na ni pwani ipi inayowafaa watu wasiojua kuogelea.

Mfanyabiashara wa Kampemba

Mama Mwenyekiti, heshima kwako. Njia ya barabara naifahamu kwa sababu ya biashara. Mtatokea Kasumbalesa, mtapita Ndola na Kapiri Mposhi, mtapanda hadi Nakonde, mtavuka Tunduma, kisha Mbeya, Iringa na Morogoro hadi Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 2,000, na mipaka ni miwili, kila mmoja ukiwa na foleni yake. Kwa kijana anayefuata mzigo ni safari ya kawaida, lakini kwa akina mama wanaokwenda kupumzika sipendekezi basi kwenda na kurudi. Kama mfuko unaruhusu, rudini kwa ndege, maana uchovu wa kurudi ndio unaoharibu likizo. Kutoka Dar es Salaam boti za mwendo kasi huvuka hadi Unguja kwa muda wa saa mbili hivi, na mkifika pasipoti hukaguliwa tena, kwa hiyo msizifungie ndani ya masanduku.

Kuhusu karatasi, anzeni sasa. Kila mmoja awe na pasipoti ambayo muda wake unavuka miezi 6 baada ya safari, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa, na tangu 2016 cheti chake kinakubaliwa kwa maisha yote, kwa hiyo aliye na kadi ya zamani asikubali kulipishwa nyingine kwa madai kwamba imekwisha muda. Masharti ya viza ya Zambia na ya Tanzania mwende kuyauliza kwenye ofisi zao za ubalozi mdogo, wala msitegemee maneno ya kituo cha basi. Huko huko muulize habari za bima ya safari ambayo Zanzibar imeanza kuwadai wageni tangu Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima, ili iingie katika hesabu mapema.

Mzaliwa wa Jambiani, sasa Lubumbashi

Mama, mimi nimezaliwa ufukweni, na jambo ninalotamani kila mgeni alijue kabla ya kulipia chumba ni kwamba bahari haikai mahali pamoja. Upande wa mashariki, yaani Paje, Bwejuu na kwetu Jambiani, maji yakipwa hukimbia mbali kiasi kwamba mtu anayaona kama mstari tu karibu na miamba ambako mawimbi huvunjikia. Baada ya saa sita hivi yanakuwa yamerudi na kujaa. Kila siku saa za kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi: yakijaa leo saa kumi jioni, kesho yatajaa karibu na saa kumi na moja kasoro dakika kumi.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvu, maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayapandi juu. Siku za bamvu kwetu maji hukauka kuelekea adhuhuri, na ndipo akina mama wanaolima mwani, kazi iliyoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, hushuka kwenye mashamba yao. Utaona vijiti vifupi vimesimikwa mchangani kwa safu, na kati yake kamba zilizofungwa vichipukizi vya mwani. Tafadhali waambie wenzako wasivikanyage wala wasivute kamba kwa ajili ya picha, kwa sababu kila kamba ina mwenyewe.

Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayakimbii hivyo, na mwezi wa Julai, kusi inapovuma, Kendwa hupata kinga zaidi kuliko mashariki. Lakini huko kina huanza karibu na nchi kavu. Kwa watu kumi wasiojua kuogelea ningechagua Jambiani, katika wiki ya mwezi nusu, kwa sababu kati ya ufuko na mwamba maji ni tulivu na mtu anaweza kukaa yakimfika kiunoni bila kusukumwa na wimbi. Hatari iliyopo ni moja, nayo imewapata wageni wengi: wanatembea hadi mwambani maji yakiwa yamepwa, wanakawia, na wakigeuka wanakuta mabonde ya mchanga yaliyo nyuma yao yameshajaa. Muulizeni mvuvi yeyote asubuhi maji yanaanza kujaa saa ngapi, na saa hiyo isiwakute mbali. Vaeni viatu vya mpira, maana kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi ambayo hukatikia ndani ya nyayo.

Vitenge vyenu vitawatosha kwa heshima ya vijiji na Mji Mkongwe; nguo za kuogelea ziishie ufukweni.

Mama Mwenyekiti, Katuba

Mzee wangu, ahsante sana. Nimetazama kalenda ya mwezi na tutapanga tarehe upya kabla ya kulipa chochote.

Dada Mhasibu, Bukavu

Mama, kabla ya hizo tarehe kuna suala la fedha. Kundi moja nililolifahamu lilivunjika kwa sababu wanachama wawili walijitoa baada ya arbuni kulipwa, na hapakuwa na maandishi yoyote. Andikeni mapema, na kila mmoja atie sahihi, kwamba anayejitoa baada ya tarehe fulani hurudishiwa tu kile ambacho hakijalipwa hotelini au kwa tiketi, isipokuwa akileta mtu wa kuchukua nafasi yake. Fedha zishikwe na wawili, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mkutano.

Dola mtakazobeba ziwe mpya. Noti za kabla ya 2006 hukataliwa, na yenye mpasuko mdogo hukataliwa kama ilivyo hapa kwetu. Tangu Machi 2025 sheria ya Tanzania imekataza bei za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo badilisheni benki mkifika Dar es Salaam, na dereva au mwenye nyumba akiwatajia bei kwa dola, mwombeni aitaje kwa shilingi na aiandike.