Wauza ishara za dhahabu hapa Kisumu: onyesheni taarifa za akaunti zenu, na mseme ni nani anayewalipa

Wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kwa muda sasa hapa Kisumu, na nasikia hali ni hiyo hiyo Nakuru na Kakamega, wamezuka watu wanaojiita walimu wa biashara ya dhahabu ya mtandaoni. Wanakodi vyumba orofani katikati ya mji, wanafunga projekta, wanatoza ada, kisha kila aliyelipa anaingizwa katika kundi la Telegram anakotumiwa ishara za kununua na kuuza. Sina ugomvi na biashara yenyewe. Nimeifanya kwa miaka kadhaa kwa mtaji mdogo, naiheshimu, na najua wapo wanaoifanya kwa uangalifu na kwa uaminifu. Ugomvi wangu ni na mtu anayeuza ishara bila kufundisha ni nini kinachoisogeza bei, na ambaye mapato yake makubwa yanatoka mahali ambapo mwanafunzi hajaonyeshwa.

Mpwa wangu ni fundi wa simu kule Kondele. Alijiunga na mojawapo ya madarasa haya, akanisihi niende naye siku moja nikajionee. Ikawa ni Ijumaa, na haikuwa Ijumaa ya kawaida: ilikuwa siku ya ripoti ya ajira ya Marekani, ambayo kwa kawaida hutolewa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu Marekani inapokuwa kwenye saa za kiangazi, na saa kumi na nusu wakati wao wa baridi. Yeyote anayefanya biashara ya dhahabu ya muda mfupi anaijua dakika hiyo, na jinsi bei inavyoweza kuruka. Mwalimu hakuitaja hata mara moja. Ukutani alikuwa na bango lenye picha ya wachimbaji wa Kakamega wakiwa na karai na tope hadi magotini, na maneno kwamba dhahabu ni urithi wetu wa Magharibi.

Dakika chache kabla ya ripoti, simu zote chumbani zililia kwa pamoja. Ishara ilikuwa imeingia: nunua dhahabu sasa, loti 0.10 (loti ni kipimo cha ukubwa wa biashara), na hakuna amri ya kuzuia hasara, yaani ile inayoifunga biashara yenyewe bei ikifika kiwango ulichokiandika. Niliinua mkono nikauliza kwa adabu, “Mwalimu, ripoti inatoka sasa hivi, mbona hakuna kizuizi cha hasara?” Akanijibu mbele ya vijana wote, “Mzee wangu, dhahabu haianguki dunia ikiwa na vita.” Vijana wakabonyeza.

Ripoti ikatoka ikiwa na nguvu kuliko ilivyotarajiwa, yaani ajira zikiwa nyingi zaidi. Niliitazama simu ya mpwa wangu. Pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, ambalo muda mfupi kabla lilikuwa la senti tu, lilipanuka likapita dola mbili, mshumaa wa dakika moja, ile alama ya mwendo wa bei kwenye chati, ukateremka hadi ukatoka nje ya kioo, na kabla hajafikisha kidole kwenye kitufe cha kufunga, dalali, yaani kampuni ya mtandaoni inayoshika akaunti yake, alikuwa ameifunga biashara mwenyewe na salio limebaki shilingi za nauli. “Mjomba, hii imerudi?” aliniuliza. Haikuwa imerudi. Jioni ujumbe wa ishara ulikuwa umefutwa kundini, na mahali pake pakawekwa picha ya faida nono ya biashara ya kuuza, ile inayopata bei ikishuka, ambayo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekuwa ametumiwa. Mpwa wangu aliponiruhusu niulize kundini kupitia simu yake kuhusu ujumbe uliofutwa, namba yake iliondolewa bila jibu.

Sasa niseme kwa nini jibu lile la vita limeniudhi kuliko hata fedha zilizopotea. Ni kweli watu hukimbilia dhahabu wanapoogopa. Lakini dhahabu haizai riba, kwa hiyo kila mara soko linapoamini kwamba riba ya Marekani itabaki juu, mwenye fedha nyingi huona heri hatifungani za serikali ya Marekani zinazomlipa, na dhahabu hushuka hata kama mabomu yanalia. Ripoti ya ajira yenye nguvu huwaambia wafanyabiashara kwamba benki kuu ya Marekani haina haraka ya kupunguza riba. Dola hupanda, riba za hatifungani hupanda, na dhahabu, ambayo bei yake hutajwa kwa dola, hulipa gharama. Hili ni somo la siku ya kwanza, na mtu aliyelipia mafunzo alistahili kulisikia kabla ya kuombwa aweke mtaji.

Na hata hofu yenyewe haiendi upande mmoja. Machi 2020, korona ilipoitikisa dunia nzima, dhahabu ilianguka kutoka karibu dola 1,700 kwa wakia, kipimo cha uzito wa dhahabu, hadi chini ya 1,500 ndani ya siku chache, kwa sababu waliokuwa wakidaiwa kwingine waliuza chochote kilichokuwa na mnunuzi. Ni baadaye, Agosti mwaka huo, ndipo ilipovuka dola 2,000. Tarehe 15 Aprili 2013 ilipoteza zaidi ya asilimia 9 kwa siku moja. Tarehe 21 Oktoba 2025 ilishuka zaidi ya asilimia 5, siku moja tu baada ya kuweka rekodi ya zaidi ya dola 4,300, na vita vilivyokuwa vikiendelea duniani siku hiyo havikuizuia. Mtu anayesimama mbele ya vijana na kusema dhahabu haianguki ama hajawahi kuifungua chati ya miaka ya nyuma, ama ameifungua na ameamua kunyamaza. Sijui lipi ni baya zaidi kwa mtu anayeitwa mwalimu.

Kuna mfano mmoja ninaoutamani ufundishwe katika kila darasa la namna hii. Ijumaa ya tarehe 6 Agosti 2021 ripoti ya ajira ya Marekani ilitoka na nguvu na dhahabu ikashuka. Soko lilipofunguliwa usiku wa kuamkia Jumatatu, Japani na Singapore zikiwa kwenye sikukuu na wanunuzi wakiwa wachache, bei iliporomoka kwa dakika chache hadi chini ya dola 1,700, kisha ikapanda tena kwa kiasi kikubwa. Huku kwetu watu walikuwa wamelala. Aliyekuwa na ununuzi ambao haujafungwa, bila mtaji wa ziada wa kuibeba hasara, aliamka akaunti imeungua, huku bei akiikuta imeshatoka kwenye shimo lile. Kutokana na tukio hilo peke yake mwanafunzi angejifunza kwamba saa ya biashara ni muhimu sawa na mwelekeo, kwamba kizuizi cha hasara huenda kisitekelezwe kwa bei uliyoiandika soko likiwa tupu, na kwamba kulaza biashara kubwa mwishoni mwa juma ni kujiweka mikononi mwa watu usiowaona.

Siku ya dhahabu ina mpangilio wake. Asubuhi yetu ya mapema, Asia ikiwa kazini, mara nyingi bei hutembea ndani ya masafa madogo. London inapoamka, saa nne au saa tano asubuhi kwetu kutegemea majira yao, mwendo huongezeka, na mara kwa mara bei huchungulia nje ya masafa ya usiku na kurudi ndani, ikiwanasa walioingia kwa pupa. London hupanga bei rasmi kwa mnada mara mbili kwa siku, saa nne na nusu asubuhi na saa tisa alasiri kwa saa zao. Halafu New York huingia, na kipindi ambacho miji hiyo miwili inafanya kazi kwa pamoja ndicho chenye misukosuko mikubwa. Kwetu ni alasiri hadi jioni. Mtu anayejua hili hupima kwanza ni kiasi gani dhahabu imekuwa ikitembea kwa siku katika majuma ya karibuni, kisha ndipo aweke kizuizi chake nje ya mtikisiko wa kawaida na kupunguza ukubwa wa loti ili hasara ibaki ile anayoweza kuibeba. Ikiwa bei inapanda na kushuka dola 60 katika siku tulivu, kizuizi cha dola 3 kitaguswa hata kama mwelekeo ulikuwa sahihi. Katika saa zote nilizokaa darasani lile, hakuna aliyeambiwa jambo hili.

Hesabu ya loti ndiyo inayonichoma zaidi. Loti moja ya dhahabu ni wakia 100, kwa hiyo loti 0.10 ni wakia 10. Bei ikiwa dola 4,000, kijana aliyeweka dola 100, yaani kama shilingi elfu kumi na tatu hivi, anakuwa ameshika dhahabu ya dola 40,000, kwa sababu dalali anamruhusu kushika hadi mara mia tano ya mtaji wake. Bei ikirudi nyuma dola 10, ambazo ni robo tu ya asilimia moja, mtaji wote umekwisha, na kwa kweli dalali huifunga biashara kabla haijafika hapo. Dola 10 dhahabu huzitembea mtu akiwa anakunywa chai. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya iliweka kikomo kwamba mfanyabiashara mdogo wa dhahabu asishike zaidi ya mara 20 ya mtaji wake, na ikaeleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida katika mikataba ya aina hii, ya kubashiri bei, hupoteza fedha. Kumpa fundi wa simu wa Kondele loti 0.10 kwa mtaji wa dola 100, dakika chache kabla ya ripoti ya ajira, ni kumpeleka gizani kwa makusudi.

Nasema kwa makusudi kwa sababu ya malipo. Wanafunzi wote walilazimishwa kufungua akaunti kupitia kiungo alichotuma mwalimu, la sivyo wasingeingizwa kundini. Kwa kiungo hicho dalali humlipa mwalimu kwa kila loti wanafunzi wake wanayonunua au kuuza, wapate au wakose. Na wapo madalali ambao humgawia mleta wateja sehemu ya hasara ya wateja hao. Ukishaelewa hivyo, unaelewa pia kwa nini ishara huja nyingi kila siku, kwa nini loti huwa kubwa, na kwa nini kijana aliyeunguza akaunti huambiwa aweke tena badala ya kuambiwa apumzike asome. Ada ya darasa ilikuwa kiingilio tu. Nilitafuta jina la dalali yule katika orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo imekuwa na kanuni za biashara hii ya mtandaoni tangu 2017, nami sikulipata.

Na lile bango la wachimbaji lishushwe. Watu wa Kakamega wanaijua dhahabu tangu miaka ya 1930, ilipowavuta wageni kutoka kila upande, na mgodi wa Rosterman ulichimbwa hadi 1952. Hadi leo wapo Ikolomani na Migori wanaoingia ardhini kwa kamba na kushika zebaki kwa mikono mitupu ili wapate gramu chache. Mkataba unaouzwa kwenye simu hauna hata chembe ya dhahabu ndani yake. Ni makubaliano ya kulipana tofauti ya bei kati yako na dalali. Kuwatumia watu wale kupamba biashara hiyo ni dharau, kwao na kwa kijana anayedhani ananunua kitu cha nyumbani.

Kwa mwalimu mhusika, ambaye najua husoma jukwaa hili: weka hapa taarifa kamili ya akaunti yako ya fedha halisi, yenye kila biashara iliyofungwa kwa faida na kwa hasara, iliyotolewa na dalali na isiyokatwa. Sema dalali anakulipa kiasi gani kwa kila loti ya wanafunzi wako. Eleza ujumbe wa Ijumaa ile ulifutwa kwa nini. Na namba ya mpwa wangu irudishwe kundini ili aulize mwenyewe.

Kwa wengine mlioungua kwa njia hii, iwe Kisumu, Busia, Bungoma au Nakuru, andikeni hapa chini tarehe na saa ya ishara, ukubwa wa loti mlioambiwa, na kama mlielezwa kuhusu ripoti iliyokuwa njiani. Msitaje majina ya wanafunzi wenzenu wala kuweka namba za simu za watu. Aliyehifadhi picha ya ujumbe kabla haujafutwa asiipoteze, kwa sababu nakusanya malalamiko haya niyapeleke kwa mamlaka kwa maandishi, na ujumbe wenye saa utasaidia kuliko maelezo yangu yote.

Atakayekuja hapa kuniambia kwamba kila biashara ina hatari, namwomba kwanza asome aya ya loti na aya ya malipo, kisha ajibu hizo.